Kila Kitu na Jina la Mtu: Namna ya Kupunguza Makorokoro Kwenye Nyumba Yenye Watoto

Tulipohama Mbagala kwenda Tabata, kirikuu ilikwenda na kurudi mara tatu. Tuko watano, mimi, baba watoto na watoto watatu, na tulikuwa tunatoka kwenye vyumba viwili na sebule. Safari ya kwanza ilibeba vitanda, magodoro, makochi, jiko la gesi na mtungi wake, sufuria za kila siku na mabegi ya shule. Maisha yetu yote yaliishia hapo. Safari mbili zilizobaki zilibeba mabeseni yaliyopasuka, maboksi ya vyombo ambavyo havijawahi kupakuliwa chakula, nguo za uchanga za mtoto aliyekuwa darasa la nne, na sanduku la bati ambalo hakuna aliyekumbuka lina nini ndani. Usiku uleule kitinda mimba akapandisha homa, tukatafuta kadi yake ya kliniki mpaka adhana ya alfajiri. Ilikuwa ndani ya hotpoti.

Kazi ya kupunguza ilinichukua karibu mwaka mzima. Ninachoandika hapa ni hatua kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza leo.

Kwanza tuelewane kuhusu sababu ya vitu kujaa. Wengi wetu tumelelewa na watu waliojua kukosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilikuwa bidhaa za kupanga foleni, na mama aliyepita kipindi kile hawezi kuona kopo zuri likitupwa akanyamaza. Kutunza kopo kwake ni akili. Kwa hiyo ushauri wa "tupa tu" haufiki mbali kwenye nyumba zetu. Unaleta ugomvi, na kesho yake kopo limerudi chini ya kitanda. Kilichofanya kazi kwangu ni sharti moja: kitu hakitoki mpaka kimepata jina la mtu anayekwenda kukitumia. Jina likipatikana, hata mkono mzito hufunguka.

Hatua ya kwanza: karatasi na hatari, kabla ya chochote

Usianze na nguo wala midoli. Ukianza kupanga nyumba yenye watoto, kitu cha kwanza kupotea ni karatasi. Nunua faili moja la plastiki lenye mifuko ndani. Weka vyeti vya kuzaliwa vya RITA, kadi za kliniki, kadi za bima, mkataba wa nyumba, risiti za ada na ripoti za shule. Kila mtoto na mfuko wake. Zipige picha kwa simu, kisha litundike faili kwenye msumari, juu, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Ni kazi ya mchana mmoja.

Siku hiyohiyo ondoa vitu vinavyoua. Makorokoro yana ubaya huu, kwamba hatari hujificha katikati yake. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yakiwa pamoja na chupa nyingine kumi na tano, mtoto wa miaka miwili hana namna ya kujua tofauti. (Akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali.) Tafuta dawa zilizobaki za magonjwa yaliyokwisha, dawa ya panya, na zile betri ndogo za duara za rimoti na midoli inayoimba. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa mbili.

Kisha toka nje uangalie ukutani kwa nyuma: makopo, ndoo zisizo na vipini, tairi. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji machache yaliyotulia, hata ya kwenye kifuniko, na yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Dar es Salaam tuliuona ugonjwa huu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Vyombo unavyovitumia kuhifadhi maji vifunike. Usivyovitumia vitoke.

Hatua ya pili: anza na vyako, na vyako viko jikoni

Watoto wanaangalia. Ukianza kwa kupunguza vya kwao huku kabati lako limefura, watajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayebaki na vitu. Mimi nilianza na vyombo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye uzito.

Mwanamke wa mjini akiolewa, kitchen party inamletea hotpoti, chupa za chai, seti za glasi na sahani za udongo kutoka kwa shangazi, majirani na wafanyakazi wenzake. Baadaye anaingia kwenye mchezo wa vyombo na wenzake, kila mwezi mmoja ananunuliwa. Hakuna kibaya humo. Ni upendo, na ni heshima. Lakini chumba cha jiko hakikui kadiri upendo unavyoongezeka.

Chukua daftari uhesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwangu ilikuwa kweli kabisa: nilikuwa na hotpoti tisa, nikijua nina tano. Andika upande mmoja ulichonacho. Kwa siku saba, weka alama kwenye kila ulichokitumia. Halafu ongeza alama kwa vile ulivyovitumia sikukuu iliyopita, Idi au Krismasi, maana nyumba isiyoweza kupokea wageni si nyumba ya kwetu. Sisi watu watano tulibaki na sahani kumi na mbili, sufuria tano za ukubwa tofauti, hotpoti tatu na chupa mbili za chai. Sufuria kubwa ya pilau niliiacha iende. Mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama chenye masufuria makubwa, viti na turubai, na sehemu nyingi vipo. Kwenye hitima, msiba au ubarikio, vyombo hutoka huko. Ukiwa mwanachama, huna haja ya kulala na sufuria la watu mia.

Watoto wape kila mmoja sahani yake na kikombe chake, rangi tofauti, na uviondoe vingine vyote mahali wanapofika. Tulipokuwa na vikombe ishirini, jioni vyote ishirini vilikuwa vichafu, kwa sababu mtoto mwenye kiu huchukua kikombe safi kilicho karibu. Sasa mwenye kikombe cha kijani akikuta ni kichafu anajua ni chake, anakisuuza. Hili peke yake lilinipunguzia kazi kuliko jambo jingine lolote katika mwongozo huu.

Ugumu ni vile ulivyopewa na mtu unayemheshimu. Nilikuwa na seti ya sahani za maua ya dhahabu kutoka kwa shangazi yangu, miaka kumi na moja ndani ya boksi. Sikutaka kuzitoa kimyakimya, akija aulize nipate aibu. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Shangazi, zile sahani ulizonitunza nazo siku ya sherehe yangu bado nzima kabisa. Sijapata nafasi ya kuzitumia, na nyumba imekuwa ndogo. Nilikuwa naomba ruhusa yako nimpe mtu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wako anaolewa mwezi wa tisa. Mpe yeye, umwambie zimetoka kwangu kupitia kwako."

Jina likapatikana. Simu kama hiyo nilipiga nne, na hakuna aliyenuna. Ombeni ruhusa mapema; wazee wengi wanachotaka ni kutodharauliwa.

Na ile mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba ina lundo la mifuko mbadala. Acha mitano, itundike mlangoni ili usisahau kwenda nayo sokoni. Iliyobaki ikunje umpelekee muuza genge, ataipokea kwa furaha.

Hatua ya tatu: nguo za watoto

Idadi tuliyofikia kwa mtoto anayesoma ni hii: sare jozi mbili, soksi jozi tatu, nguo za nyumbani tano, za kutokea mbili, za kulala mbili, sweta moja, chupi saba. Kwa Dar inatosha, kwa sababu nguo iliyofuliwa asubuhi imekauka mchana. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ongeza jozi moja ya sare. Ukiwa Njombe au Lushoto hesabu hii haikufai hivyo ilivyo. Huko nguo hukauka polepole na sweta moja ni adhabu.

Nguo za kichanga ndizo zinazozidi kuliko zote, na ndizo zinazotumika muda mfupi kuliko zote. Mtoto huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili akifika kama miezi mitano, na mara tatu akikaribia mwaka. Kwa hiyo ukipewa mabegi ya nguo za mtoto mchanga, shukuru, chagua nane, nyingine zipeleke kwa mjamzito mwingine zikiwa bado zinafaa. Doti za kanga usiziguse. Kanga hubeba mtoto, humfunika, humkausha baada ya kuoga, na ikichakaa inakuwa kitambaa cha kufutia meza.

Nguo za mkubwa anazosubiri mdogo weka kwenye boksi moja tu, uandike nje umri: "miaka 6–7". Boksi likijaa, kinachozidi kinatafutiwa mtu. Kama pengo kati ya watoto wako ni miaka sita au zaidi, usisubiri; nondo na unyevu vitamaliza kabla mdogo hajafika.

Mitumba ndiyo inayotujazia nyumba kwa upole. Pale chini, nguo ya mtoto ni mia tano, buku, unaona huruma kuiacha, unarudi na kumi wakati ulifuata moja. Mimi sasa naenda sokoni na kamba. Kila mtoto ana kamba yake nyembamba yenye mafundo matatu: fundo la kwanza kiuno, la pili urefu wa suruali, la tatu urefu wa unyayo na upana wa kidole gumba juu yake, ili kiatu kisimbane baada ya muda mfupi. Kamba inazuia kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoleta nguo zisizovalika. Naenda pia na orodha. Kama suruali haimo kwenye orodha, hata iwe ya bei ya kutupa naipita.

Hatua ya nne: vya kuchezea, na hapa nenda taratibu

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto 36 wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili na nusu wakicheza, safari moja wakiwa na vitu vinne, safari nyingine kumi na sita. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Nilipojaribu nyumbani niliyaona hayohayo. Chukua beseni moja. Kinachoenea ndani ya beseni kinabaki chini, kingine kinaingia kwenye mfuko juu ya kabati. Kila Jumamosi badilisha. Kitu kilichokaa juu wiki tatu kikishuka hupokewa kama kimetoka dukani.

Cha kubaki ni kile kinachoweza kuwa vitu vingi: mpira, vipande vya mbao alivyomaliza fundi, vizibo vya soda, gari la waya, kete. Cha kwanza kutoka ni kile kinachofanya jambo moja kisha kinasubiri betri. Na michezo mizuri kuliko yote haikai kabatini kabisa. Kombolela haina chombo. Mdako unataka vijiwe na kishimo. Rede inataka mpira wa soksi kuukuu na watoto wenzake, jua likishapoa. Mtoto anayerudi magharibi miguu imejaa vumbi haulizii midoli.

Nilikosea jambo moja ambalo naomba usilirudie. Binti yangu alikuwa na mdoli asiye na jicho moja, nywele zimesokotana. Niliutoa akiwa shuleni. Aliutafuta siku nyingi, na baadaye nikaanza kukuta vitu chini ya godoro lake: kalamu zilizokwisha wino, kitambaa, kifuniko cha chupa. Alikuwa anaficha. Mtoto asiye na uhakika kwamba chake kitakuwepo kesho huanza kulimbikiza, na hapo umezalisha kilekile ulichokuwa unakiondoa. Nilimwomba radhi. Sasa utaratibu wetu unategemea umri. Aliye chini ya miaka mitatu, mimi ndiye ninayechagua, naondoa kilichovunjika tu. Wa miaka mitatu hadi sita namwonyesha viwili achague kipi kibaki. Wa saba kwenda juu anaamua mwenyewe, na akisema hapana, ni hapana mpaka mwezi ujao.

Swali nalo lina namna yake. Ukimuuliza mtoto "tutupe nini?" atakumbatia vyote. Muulize, "Nani angekifurahia hiki?" Binti yangu alifikiri, akanijibu, "Mama, hili gari apewe yule mtoto wa nyumba ya bluu, yeye anacheza na kopo." Alilipeleka mwenyewe kwa mkono wake.

Hatua ya tano: madaftari

Hii ni fupi. Shule zikifungwa Desemba, kila mtoto anachagua daftari moja la mwaka na michoro mitano. Kurasa tupu za madaftari mengine zikate, uzishone kwa uzi nene, zitakuwa za kufanyia hesabu za rafu. Zilizoandikwa zitawashia mkaa.

Hatua ya sita: kutoka nje ya nyumba

Weka mifuko mitatu mikubwa, ile ya mchele ya kilo hamsini inafaa. Wa kwanza ni wa watu wenye majina, na kila kitu kimebandikwa kikaratasi cha jina. Wa pili ni wa vyuma chakavu na chupa za plastiki. Wanunuzi wenye mizani hupita mitaani, na hela hiyo waachie watoto wagawane. Wa tatu ni wa gari la taka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchini kote, ndiyo siku ya mwisho ya mifuko kukaa ndani. Bila siku maalumu, mfuko wa kutoa hugeuka korokoro jipya kwenye kona. Nimeuona wangu ukikaa miezi minne.

Unachompa mtu kifue, kishone kifungo, kipige pasi. Kilichochanika usimpe mtu, kifanye tambara. Ukipeleka kituo cha watoto yatima, piga simu kwanza uulize wanahitaji nini, kwa sababu vituo vingi vina nguo za kutosha na havina sabuni. Na usiwapige picha watoto wa watu wakipokea nguo zako kuukuu ukazirusha mtandaoni. Ukienda kijijini Desemba, beba vinavyotumika huko: sweta, viatu vya kufunga, begi la shule lililo zima. Usifanye nyumba ya wazazi kuwa stoo yako.

Hatua ya saba: mlangoni

Bila hatua hii, mwakani utaanza upya.

Zungumza na wanaoleta. Mama mkwe wangu huja kutoka Tanga, na zamani kila safari alikuja na midoli ya plastiki, mingine inavunjika kabla hajaondoka. Nilimwambia kwa upole, baba watoto akiwepo: "Mama, watoto wanachokisubiri ni machungwa yako ya Muheza. Na huyu mkubwa anataka umfundishe kusuka ukili." Alifurahi. Sasa anakuja na kapu la machungwa na miyaa iliyokaushwa, na jioni wanakaa chini barazani wote wanne. Kinachotoka hapo ni ukili wa kushonea mkeka, na machungwa hayajazi kabati.

Kwenye mchezo wetu wa vyombo nilipendekeza kitu kimoja, na wenzangu walikubali baada ya vikao viwili: fungu liwe fedha taslimu na zamu zote ziishe Desemba, ili kila mmoja awe na kitu Januari, mwezi wa sare, viatu na madaftari. Kama kikundi chako hakikubali, kaa nao. Urafiki una thamani kuliko kabati tupu. Omba tu zamu yako ikija wakununulie kitu kinachoisha, mchele au mafuta ya kula.

Kwa watoto, tuna daftari la matamanio. Anayetaka kitu anaandika au anachora, na tarehe. Mwisho wa mwezi tunasoma pamoja. Vingi wanavifuta wenyewe. Kinachorudiwa miezi mitatu mfululizo tunakichukulia kwa uzito, tunaanza kukiwekea akiba. Baiskeli ya mkubwa ilipatikana hivyo.

Baada ya hapo kazi inabaki ndogo. Kila siku dakika kumi kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kila mmoja anarudisha vyake. Jumamosi asubuhi tunasogeza vitanda, tunafagia chini yake, tunamwaga maji yaliyotuama nje, tunabadilisha beseni la michezo.

Sanduku la bati tulilifungua mwisho kabisa, tukiwa wote sakafuni. Kulikuwa na nepi za vitambaa zilizoota madoa ya njano, chupa ya unyonyeshaji iliyopasuka, mkanda wa jina wa hospitali wa kifungua mimba, na kanga aliyonibebea mama yangu, imefubaa hata maandishi hayasomeki vizuri. Mkubwa alijaribu kuuvaa ule mkanda mkononi, haukupita. Nepi zikawa matambara, chupa ikaenda kwenye taka. Kanga na mkanda vilirudi ndani, pamoja na lile daftari moja la kila mwaka la kila mtoto. Sanduku lina nafasi mpaka kitinda mimba amalize darasa la saba.